Aliyelilia Kitanda cha Saba

Kwamboka aliligundua lile donge akichuma chai kwenye shamba lake la Gesima, pale mkanda wa kikapu ulipomkwaruza chini ya titi la kushoto. Lilikuwa dogo na gumu kama punje ya hindi kavu, na halikuuma. Kwa kuwa halikuuma, alilinyamazia. Akalinyamazia msimu mzima wa mvua, hata likafikia ukubwa wa yai la kware na ngozi iliyolifunika ikaanza kukunjamana kama ganda la chungwa. Hapo ndipo binti yake Bochaberi, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amekuja nyumbani likizo, alipomkuta akijimwagia maji nyuma ya jiko. Bochaberi aliona. Akatua ndoo aliyokuwa amebeba, akaenda moja kwa moja kumwita baba yake.

Huo ulikuwa mwaka wa 1972, na Kwamboka alikuwa na miaka arobaini na minane. Juma lililofuata mumewe, Nyasani, alimpeleka kwenye hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji wa Kisii. Daktari Omwenga, Mkisii mwenzao aliyesomea Makerere, alilipapasa lile donge kwa ncha za vidole huku akitazama dirishani, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Kisha akawaeleza wote wawili kwa Kikisii, bila kuzungukazunguka, kwamba hiyo ni saratani, kwamba titi lote litolewe pamoja na tezi za kwapani, na kwamba wamechelewa kidogo lakini hawajachelewa kabisa.

Nyasani aliinamisha kichwa. Kwamboka akauliza swali moja tu.

"Nitahisi kisu?"

"Hutahisi. Utalala usingizi, ukiamka litakuwa limetoka."

"Basi litoe."

Gesima nzima ilimjua kwa ugumu huo. Alipokuwa msichana mdogo, alfajiri ile wanawake walipowapeleka yeye na rika lake kutahiriwa, wenzake wawili walilia na yeye hakupepesa jicho. Bibi yake alilisimulia jambo hilo kwa majivuno mpaka siku anaingia kaburini. Baadaye Kwamboka alizaa watoto saba, na mara zote saba majirani walijua kuwa mtoto amefika kwa kusikia sauti ya mtoto, si ya mama. Mwanamke kulia kwa sababu ya mwili, kwake, lilikuwa jambo la aibu, kama kutoka nje bila kujifunga kitambaa kichwani.

Alipasuliwa siku ya Jumatatu. Alipozinduka alikuwa kwenye kitanda namba saba cha wodi ya wanawake, kifua kimefungwa bandeji kwa nguvu, na bomba jembamba limetoka kwapani likidondosha maji mekundu kwenye chupa sakafuni. Maumivu yalimjia polepole, kwanza kama joto, halafu kama jiko la makaa ambalo mtu ameliweka juu ya mbavu zake na kuondoka. Alifumba macho. Akakaza vidole vya miguu chini ya blanketi, akaanza kuomba kimoyomoyo.

Kitanda cha nane kilikuwa na Prabha, aliyeitwa pia Mama Bharti kwa jina la mtoto wake, mke wa Chandulal, mwenye duka la vitambaa, sukari na mafuta ya taa kule Ogembo. Naye alikuwa amepasuliwa siku hiyo hiyo, kwa ugonjwa huo huo, titi la kulia. Mumewe alitaka kumpeleka Kisumu, lakini Prabha alikuwa amesikia sifa za Daktari Omwenga kutoka kwa wateja wake na hakutaka mwingine.

Prabha hakunyamaza. Aliamka akilia, na alilia kwa lugha tatu: alimwita mama yake kwa Kigujarati, akamlalamikia Mungu kwa Kiswahili, na alipomwona mfagiaji wa wodi akamwomba maji kwa Kikisii cha dukani. Sista Loice, mkuu wa wodi, mwanamke mnene kutoka Maragoli aliyetembea haraka kuliko wauguzi wake wembamba, alikuja na sindano. Baada ya robo saa Prabha alitulia, akalala.

Kwenye karatasi za wagonjwa wote wawili daktari alikuwa ameandika maneno yale yale: sindano ya maumivu kila baada ya saa sita, mgonjwa akihitaji. Prabha alihitaji kila mara, na mara nyingine alihitaji kabla ya saa sita kufika.

"Na wewe, Mama?" Sista Loice alimuuliza Kwamboka. "Unaumwa?"

"Hapana, Sista. Niko sawa."

"Hata kidogo?"

"Kidogo tu."

Wanafunzi wa uuguzi walipita na kumsifu. Tazameni namba saba, walisema, huyo ndiye mama. Kwamboka aliwasikia, na sifa hiyo ilimpa joto moyoni kuliko blanketi. Alimgeuzia Prabha kisogo. Mtu mzima, alijisemea, mwenye watoto wakubwa, analia kama aliyenyang'anywa ndizi.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Aliiogopa ile sindano. Alikuwa Msabato tangu ubatizo wake akiwa msichana. Pombe hakuwahi kuionja, wala tumbaku. Kila alipodungwa, Prabha alilegea macho na mara nyingine alicheka peke yake akitazama dari. Kwamboka aliona kuwa huo ni ulevi tu, hata kama umeletwa kwenye sahani ya hospitali. Je, naye akilegea hivyo aseme upuuzi mbele ya watu? Au mwili uizoee dawa, uanze kuidai?

Siku ya pili asubuhi Prabha aliketi, akanywa chai ya maziwa, akamtazama jirani yake anavyokunywa uji.

"Bwakire," alimwamkia kwa Kikisii, kisha akahamia Kiswahili. "Mama, wewe natoka wapi?"

"Gesima."

"Aa! Gesima ni chai tupu. Wewe iko na shamba?"

"Iko."

"Na hapana kunywa chai?"

"Chai ni ya kuuza. Kanisa yetu inakataa."

Prabha alicheka hadi akashika bandeji. "Ai, uchungu! Usifanye mimi cheka." Akafuta machozi. "Wewe nachuma, mimi nakunywa. Sawasawa. Asante sana kwa chai."

Kwamboka alitaka kucheka naye, lakini cheko lilipofika kifuani liligeuka kisu. Alilirudisha chini. Prabha aliacha kunywa, akamtazama muda mrefu juu ya kikombe.

Siku ya tatu Prabha alitembea. Alikwenda mpaka ukutani akijikokota, akaweka kiganja kwenye rangi, akakipandisha kidole kwa kidole kama alivyofundishwa, ili mkono usikauke. Alilalamika kila hatua, lakini alipandisha. Akakohoa kwa nguvu akiwa amekumbatia mto, akatema kwenye bakuli, akarudi kitandani amechoka na kuridhika.

Kwamboka hakuweza. Sista alimhimiza, naye aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akasimama, akaona ukuta unazunguka. Akalala tena. Alikuwa amegundua namna ya kuishi na maumivu yake: kuvuta pumzi fupi fupi za juu juu, asiziruhusu zishuke hadi kwenye mbavu. Kikohozi kilipomjia alikimeza. Usingizi haukumchukua zaidi ya nusu saa kwa mara moja. Chakula alicholetewa na Bochaberi, matoke na mboga za chinsaga alizozipenda tangu utotoni, alikionja mara mbili akasukuma sahani.

Siku ya nne homa ilianza. Sista Loice aliponing'iniza karatasi ya joto mbele ya kitanda, mstari wake ulikuwa umepanda kama njia ya kwenda mlimani. Alifungua bandeji, akaona kingo za kidonda zimekuwa nyekundu na zinatoa majimaji. Alimwanzishia sindano za penisilini. "Mama, sema ukweli," alisema. "Maumivu?"

"Nimekwambia, Sista. Kidogo."

Mchana huo mvua ya Kisii ilikuja kama kawaida yake, saa nane, ikapiga mabati ya wodi kwa kishindo hadi watu wakalazimika kupaza sauti. Wageni walikuwa wamekwenda. Kwamboka alilala chali, uso umetulia kabisa, macho yamefumbwa. Mtu angedhani amelala. Prabha peke yake, kutoka kitanda cha nane, alikuwa akitazama mahali ambapo hakuna mwingine aliyetazama: mwisho wa blanketi, pale vidole vya miguu ya Kwamboka vilipokuwa vikijikunja na kukazana, vikilegea, vikijikunja tena, kila alipovuta pumzi.

Ghafla Prabha akapiga ukelele.

"Sista! Sista! Uchungu! Uchungu mbaya! Kuja!"

Ukelele ulipita juu ya mvua. Sista Loice alikuja mbio, wanafunzi wawili nyuma yake, akaenda moja kwa moja kitanda cha nane. "Nini, Mama Bharti? Saa sita hazijafika."

"Si yangu," Prabha alisema, akinyoosha mkono wake mzima. "Ya huyu. Yeye hapana jua kulia. Mimi nalia kwa yeye."

Wodi yote iligeuka. Kwamboka alifumbua macho, na aibu ilimpanda shingoni hadi masikioni. "Mwongo," alisema. "Mimi siumwi. Nani alimtuma?"

"Angalia miguu," Prabha alisema. "Uso nadanganya. Miguu hapana."

Sista Loice aliinua ncha ya blanketi. Aliitazama ile miguu, halafu akamtazama Kwamboka usoni, halafu karatasi ya joto. Alimtuma mwanafunzi mmoja akamwite daktari, naye mwenyewe akaketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo alilowakataza wauguzi wake kila siku, akamshika Kwamboka mkono.

"Ni kosa langu," alisema. "Nilikuwa nasoma mdomo wako tu."

Daktari Omwenga alikuja na aproni ya chumba cha upasuaji bado kiunoni. Alimgeuza taratibu, akasikiliza mgongo kwa muda mrefu, chini kabisa, pande zote mbili.

"Kohoa, Mama."

Kwamboka alijaribu. Ilitoka sauti ndogo kama ya paka.

"Huwezi au hutaki?"

"Kifua kitapasuka," alisema, na hapo hapo akajua kwamba amekiri.

Daktari alivuta stuli. Waliongea Kikisii, na mvua ilikuwa imepungua, hata wagonjwa wa vitanda vya karibu walisikia.

"Mtu asipovuta pumzi ya kutosha," alisema, "chini ya mapafu hujikusanya makohozi, na kichomi hupata mahali pa kukaa. Hicho ndicho kinachokuanza. Hilo nalijua kwa hakika. Sasa nikwambie na lingine, ambalo sisi madaktari bado tunalichunguza. Ndani ya damu yako mna askari. Kazi yao ni kupigana na uchafu unaoingia kwenye kidonda. Mwili unaoumia mchana na usiku bila kupumzika huona uko vitani kila dakika, tezi zake zikamwaga dawa kali kwenye damu, na hiyo dawa ikizidi huwadhoofisha wale askari. Kisha hulali, huli. Watapigana kwa nguvu gani?"

Kwamboka akauliza, "Na ugonjwa wenyewe? Uliutoa?"

"Ukipalilia sangari shambani, unaitoa yote?"

"Hapana. Vipande hubaki, huota tena."

"Mimi nimetoa kila nilichokiona. Kama kipo kipande kidogo kisichoonekana kwa macho, siwezi kukiokota kwa kisu. Wako wataalamu wanaoamini kwamba hao askari ndio hukiokota. Sijui kama ni kweli. Labda watoto wa Bochaberi watajua. Lakini kama ni kweli, Mama, juma hili ndilo nisilotaka wachoke."

Kwamboka akatoa lile lililokuwa chini ya yote.

"Hiyo sindano inalewesha. Bwana Yesu msalabani alipewa divai iliyochanganywa na dawa, akaikataa."

Daktari Omwenga, ambaye baba yake alikuwa mzee wa kanisa kule Ikonge, hakucheka.

"Bwana Yesu alikuwa anakufa, Mama. Wewe tunataka uishi."

Kisha akamweleza kwamba hofu yake si ya kijinga. Dawa hiyo ikizidi hufanya pumzi kuwa nzito, na wengine husema kuwa hata askari wa damu huwalaza. Kwa hiyo hatampa nyingi. Atachoma ganzi kati ya mbavu, karibu na mishipa inayopeleka habari za maumivu, halafu Sista atampa sindano ndogo kwa saa maalumu, bila kungoja aombe. Siku chache tu, kisha itapunguzwa hadi iishe. "Lakini kuna kitu nataka kutoka kwako. Sista akikuuliza, utamwonyesha kwa vidole. Kidole kimoja ni maumivu madogo, vitano ni yale yasiyovumilika. Na hutanidanganya."

"Na nikionyesha vitano, watu watasema nini?"

"Watasema umehesabu vizuri."

Sista Loice akauliza kwa Kiswahili, "Sasa hivi, Mama, ni vingapi?"

Kwamboka alitoa mkono wa kulia juu ya blanketi. Ulikuwa umetulia pale, umefumbwa ngumi. Akafungua kidole kimoja, cha pili, cha tatu. Akasita. Alimtazama Prabha, aliyekuwa ameketi amejifunika shali, akimtazama bila cheko. Akafungua cha nne. Halafu, taratibu, kama mlango ambao haujafunguliwa miaka mingi, kikafunguka kidole gumba.

Machozi yalimtoka. Yalishuka hadi kwenye mto, na hakuyafuta.

Ganzi ilipoingia kati ya mbavu zake, sindano tano ndogo moja baada ya nyingine, alihisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi tangu Jumatatu: kifua kikawa chake. Lile jiko la makaa liliondolewa. Alivuta pumzi, akangoja kisu, kisu hakikuja. Akavuta nyingine, ikashuka hadi tumboni. Sista Loice akampa mto wa kukumbatia. "Sasa, kohoa kama unayemfukuza mwizi." Kwamboka akakohoa. Yaliyotoka yalikuwa mazito na ya rangi mbaya, na Sista akayatazama kwa furaha kama mtu aliyeletewa zawadi.

Alilala mchana ule hadi jua likaanguka. Hakusema upuuzi wowote. Aliamka njaa inamuuma, akaomba uji.

Homa haikuondoka siku moja. Ilishuka, ikapanda kidogo, ikashuka tena, na penisilini iliendelea asubuhi na jioni. Lakini siku ya saba mstari kwenye karatasi ulikuwa umelala chini, kingo za kidonda zimekauka, na daktari alipoweka kifaa chake mgongoni alitikisa kichwa kwa kuridhika. Vidole vilishuka siku hadi siku: vitatu, viwili. Siku aliyoonyesha kimoja, Kwamboka mwenyewe ndiye aliyesema sindano sasa basi, vidonge vinatosha. Mwili haukudai kitu.

Siku hizo wanawake wawili walitembea pamoja kwenye veranda ya wodi, mmoja mkono wa kushoto umeinuka ukutani, mwingine wa kulia. Walisimama bega kwa bega wakipandisha vidole, na wagonjwa wa wodi ya wanaume ng'ambo ya ua waliwatazama wasielewe ni mchezo gani.

"Mama Bharti," Kwamboka alisema siku moja, bila kumtazama. "Mimi nilikucheka. Kwa roho yangu nilikucheka. Nilisema huyu mama analia kama mtoto."

"Mimi najua."

"Unajua?"

"Macho yako nasema. Mgongo yako nasema sana." Prabha alipandisha kidole kimoja zaidi, akauma mdomo. "Mama yangu alikuwa kama wewe. Kule Kisumu, kabla vita ya Hitler. Alikuwa na ugonjwa kwa tumbo. Alipika chapati, alifua nguo, alinyamaza. Watu wote nasema, ah, mwanamke mzuri sana, hapana sumbua mtu. Siku moja alianguka kwa jiko. Daktari nasema, kwa nini hapana kuja mapema? Sisi hapana jua, Mama. Sisi watoto wake, hapana jua. Mimi niliona tu miguu yake, kila siku, chini ya sari, nafanya hivi." Akakunja vidole vya mkono, akavikunjua. "Nilikuwa mtoto. Nilifikiri ni baridi."

Kwamboka alishusha mkono wake ukutani. Kwa Kikisii angejua la kusema. Kwa Kiswahili maneno yalikuwa machache, na aliyoyapata aliyaona madogo.

"Asante," alisema. "Kwa mama yako pia, asante."

Waliruhusiwa siku tofauti. Prabha alitangulia, Chandulal amekuja kumchukua kwa gari la kuazima, na wodi ikawa kimya mpaka wagonjwa wakalalamika. Siku Kwamboka alipoondoka alimuuliza Daktari Omwenga kama yale maumivu yangemuua. Daktari aliosha mikono yake kwanza, akafikiri. "Kichomi kingeweza. Hayo mengine sijui, Mama, na sitaki kukudanganya. Ninachojua ni kwamba mtu asiyeumia hukohoa, hula, hulala na hutembea, na mtu wa namna hiyo mwili wake humsaidia daktari. Mshukuru yule mama wa Ogembo."

"Nimemshukuru."

"Mshukuru tena."

Sabato ya pili baada ya kurudi Gesima, mzee wa kanisa Alfayo alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda, Kwamboka alisimama. Watu waligeuka, kwa maana miaka yote hakuwahi kusimama. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari na Sista, halafu akasema: "Na kuna mwanamke Mhindi wa Ogembo. Haombi kama tunavyoomba. Mimi nilikuwa nanyamaza kwa kiburi nikidhani ni imani. Yeye alipaza sauti kwa ajili yangu. Msichana wangu, mama yangu, yeyote atakayelala hospitali, akiulizwa kama anaumwa, aseme. Mungu hatukanwi kwa kusema."

Minong'ono ilipita kwenye mabenchi. Mzee Alfayo alikohoa, akaonekana anatafuta wimbo wa kuimba haraka. Lakini baada ya ibada bibi mmoja wa mabenchi ya nyuma, ambaye hakuna aliyejua kuwa ni mgonjwa, alimshika Kwamboka mkono nje ya mlango, akamnong'oneza kwamba mgongo wake umekuwa ukimtesa tangu Krismasi. Siku ya Jumatatu Kwamboka alimpeleka hospitali mwenyewe.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, alipokuwa na nguvu za kupanda basi, Kwamboka alifunga safari ya Ogembo. Alibeba mkungu wa ndizi, kibuyu cha maziwa na nafaka ya wimbi kwenye kapu. Bochaberi alikuwa amemwandikia maneno ya Kiswahili safi kwenye karatasi, maneno ya kumshukuru mtu kwa heshima, naye akayakariri njia nzima. Lakini alipoingia mlango wa duka akamwona Prabha nyuma ya meza, amenenepa kidogo, akipima kitambaa kwa mkono wa kulia ulionyooka kabisa, yale maneno yote yalimtoka. Akaanza kusema Kikisii. Alisema mengi, kwa kasi, bila kupumzika, jinsi Mkisii anavyomshukuru mtu aliyemwokolea mtoto mtoni. Chandulal alisimama ameshika mkasi. Wateja wawili waliacha kuchagua kanga. Prabha, aliyekuwa amewauzia wanawake wa Ogembo vitambaa kwa miaka ishirini, alielewa kila neno.

"Mbuya mono," yaani vyema sana, alijibu mwishowe, akazunguka meza, wakakumbatiana kwa uangalifu, kila mmoja akilinda upande wake.

Prabha alimwingiza chumba cha nyuma, akafunga pazia. Hapo wakaonyeshana makovu yao, wakayalinganisha kama wasichana wanavyolinganisha shanga. Lake Prabha lilikuwa jembamba. La Kwamboka lilikuwa pana pale lilipokuwa limetoa majimaji, lakini lilikuwa limefunga.

"Nguo nakaa vipi?" Prabha aliuliza. "Hapana anguka upande moja?"

"Inaanguka. Nimezoea."

"Kuzoea, kuzoea. Wewe na kuzoea!" Prabha alifungua sanduku la cherehani, akatoa kifuko cha pamba cha mviringo, cha kuvaa mahali pa titi, kilichoshonwa kwa mishono midogo sana. Alikuwa ametengeneza chake mwenyewe, alieleza, lakini pamba peke yake ni nyepesi, hupanda hadi shingoni. Alikuwa ametafuta kitu cha kutia uzito. Akalitazama kapu la Kwamboka pale chini. Akatia mkono kwenye wimbi, akaliacha lichuruzike kati ya vidole, macho yakaangaza.

Walishona alasiri yote. Prabha alipima, Kwamboka alipepeta wimbi likabaki safi, wakajaza, wakashona, wakapima tena mbele ya kioo, wakicheka kwa vifua vilivyokuwa vinaruhusu kucheka. Kwamboka alipoondoka kwenda kituo cha basi alitembea amenyooka, gauni limekaa sawa pande zote mbili.

Miaka ikapita. Kila miezi sita, baadaye kila mwaka, walikutana hospitalini siku moja ya uchunguzi waliyokubaliana, wakaketi benchi moja. Mwaka wa 1978 Daktari Omwenga, ambaye sasa alikuwa na mvi, aliwapapasa wote wawili, akaandika, akafunga mafaili. Hakukuwa na kitu.

Lakini hiyo ilikuwa mbele. Jioni ile ya kwanza kutoka Ogembo, Kwamboka alifika Gesima, Nyasani akiwa anafunga ng'ombe. Alimtazama mkewe akipanda njia kutoka barabarani, akaona jinsi anavyotembea.

"Umekawia," alisema. "Ulikuwa unafanya nini huko siku nzima?"

"Nilikwenda kusema asante."

"Asante tu? Siku nzima?"

Kwamboka alitua kapu tupu, akaketi kwenye kigogo kando ya zizi, akavuta pumzi ndefu iliyoshuka mpaka chini.

"Siku nzima," alisema. "Na haikutosha."